Mwenye Sauti ya "Ningoje Kilambo"

Mchungaji, Mzee Fikirini mwenyekiti wa kamati ya mazishi, shemeji yangu Samweli, walimu, majirani wa Ufukoni na waombolezaji wote, Bwana Yesu asifiwe, na ndugu zetu Waislamu, asalaam aleykum. Mimi ni Upendo, mdogo wa marehemu, nimepewa dakika kumi na karatasi hii, ambayo kamati iliipitia jana ikafuta aya moja kwa kalamu nyekundu, na naomba radhi mapema kwa sababu aya hiyo nitaisoma.

Marehemu Mwalimu Felista Hyera alizaliwa tarehe 14 Machi 1973 huko Mpapura, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa marehemu Mwalimu Hyera, aliyehamishiwa huku kutoka Songea, na mama yetu Maria, ambaye yupo hapa mbele. Mama anasema Felista alianza kuimba kabla hajatembea, nami naongeza kwamba hakunyamaza tena, maana tulilala chumba kimoja na najua ninachokisema.

Alisoma shule ya msingi Mpapura kuanzia mwaka 1981 hadi 1987, sekondari hapa Mtwara mjini kuanzia 1988 hadi 1991, kisha chuo cha ualimu, alikohitimu mwaka 1994. Januari 1995 alipangiwa kufundisha Kilambo, akaanzisha kwaya ya watoto, na watu waliokuwa wakisubiri kuvuka mto Ruvuma kwenda Msumbiji walikuwa wanaacha mizigo yao chini waje kusimama madirishani kusikiliza. Mwaka 2006 alihamia Ufukoni, akaongoza kwaya ya kanisa hili kwa miaka kumi na tisa, na katika waimbaji wengi namna ile alimjua mara moja aliyepotea sauti, akamnyooshea penseli, hata kama ni Mchungaji mwenyewe, baba utanisamehe.

Tarehe 5 Septemba 1998 alifunga ndoa na Samweli, mfanyakazi wa bandari, na siku hiyo kwaya ilipoharibu wimbo wa kuingilia alishindwa kuvumilia, akaishika sauti ya kwanza yeye mwenyewe, na shela kichwani, mpaka wenzake wakarudi mstarini. Wamejaliwa watoto wawili, Frank na Martha.

Sasa nafika kwenye kalamu nyekundu. Mzee Fikirini, nakuheshimu, uliniambia historia ya marehemu si baraza la mashtaka, lakini huwezi kuandika historia ya samaki ukaacha maji. Mwaka 2009 dada yangu alipeleka nyimbo zake redioni, akaambiwa atapigiwa simu, na simu hiyo tunaisubiri hadi leo. Mwaka 2019 kijana mmoja wa studio alimuuliza ana wafuasi wangapi, akajibu anao thelathini na wawili, wa sauti zote nne, na wanakuja mazoezini kila Jumatano, kijana akacheka akasema hao hawahesabiki. Hawahesabiki! Watu wanaojua kuimba hawahesabiki, anayehesabika ni aliyepaka nywele rangi na kujipiga picha juu ya gari la kuazima, halafu mnaniuliza kwa nini nina hasira.

Tarehe 18 Juni 2022, Rehana, msanii ambaye Felista alimfundisha darasa la tatu, alimwomba aende studio amwimbie wimbo wake mpya, "Ningoje Kilambo", ili ausikilize na kujifunza, kisha aurudie kwa sauti yake. Dada alikwenda mbio, maharage yakiwa jikoni, akaimba mara moja tu, akarudi akakuta yameungua, na Frank aliyakula hivyo hivyo. Rehana alijaribu wiki nzima, mashine ya studio ya kunyoosha sauti ikasaidia pale inaposaidia, ikashindikana, wakaiacha sauti ya Felista na kuweka picha ya Rehana, na nchi nzima ikacheza. Maneno ni ya Rehana, siwezi kumnyima haki yake, na uzuri anao, lakini kila alipopanda jukwaani alikuwa anafungua mdomo tu, na hakuna hata mmoja aliyeuliza. Nilipomgombeza dada kwa ukimya wake, alisema binti ana mtoto wa kulea, yeye ana chaki yake inamtosha, akaniudhi kuliko wote.

Mwezi Februari mwaka huu wa 2025 alipatwa na kiharusi, upande wa kulia ukalala, na Mungu anajua mwenyewe kwa nini aligusa hapo, sauti ikaondoka kabisa. Siku moja wodini redio ya mgonjwa wa jirani ikapiga "Ningoje Kilambo", na Felista akaanza kujigonga kifua kwa mkono wa kushoto, muuguzi akakimbia na mashine ya presha akidhani moyo unamuuma. Nikampa kalamu, na kwa mkono huo wa kushoto akaandika maneno mawili, karatasi ninayo hapa: "Ni mimi." Rehana alikuwepo, amekuja na chupa ya uji kama kila asubuhi, akainamisha uso. Nilimwahidi dada kwamba hatazikwa kabla watu hawajajua, na alfajiri ya Jumanne, tarehe 5 Agosti, akaaga dunia.

Ratiba yenu, namba saba, inasema msanii Rehana ataimba kumuaga marehemu. Jana alimkabidhi Abdulkarimu, fundi wetu wa spika, flashi yenye wimbo mzima, ili asimame hapa kando ya jeneza afumbue na kufumba mdomo, mbele ya mwenye sauti! Jamani, aibu imekwenda likizo? Flashi hiyo Abdulkarimu alinipa, ninayo mimi. Rehana mwanangu, sikuchukii, miezi sita ya uji nimeiona kwa macho yangu, lakini leo usipande, njoo ukae hapa na mama yetu usikilize kama sisi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, akiwemo yule wa presha, majirani mliopika na kulala chini pamoja nasi, walimu wenzake, wafanyakazi wa bandari, na wewe Mzee Fikirini, kalamu yako nitakurudishia. Abdulkarimu, chukua flashi, ongeza sauti hadi barabarani wasikie. Atakayeuliza ni nani anaimba, mwambieni ni Felista Hyera, mwalimu wa Ufukoni. Dada, nimewaambia. Pumzika kwa amani.