Kengele Aliyopigiwa Baba Akiwa Hai

Wapendwa waombolezaji, kwa niaba ya mama yetu Ardis na familia yote ya Tostrud, mimi Marit, mtoto wa kwanza, nawasomea maisha ya baba yetu, na naomba mnivumilie nikifika penye aibu, maana ndipo alipoishi muda mrefu.

Marehemu Verlyn Tostrud alizaliwa tarehe 4 Novemba 1951, katika shamba la ng'ombe wa maziwa nje ya mji huu wa Elvestad, Minnesota, akasoma shule za hapahapa, na Septemba 1969 akaingia Chuo cha Nordgaard, kile kidogo pale kilimani, akasoma falsafa, akaimba kwaya, akalala chumba kimoja na Curtis Aamodt, ambaye ameketi mbele yenu. Februari 1972 babu alipooza, ng'ombe wakakosa mkamuaji, baba akarudi nyumbani akisema ni kwa muda tu, na darasani hakurudi tena.

Alifunga ndoa na mama tarehe 12 Juni 1976, wakajaliwa mimi na Leif, akafuga hadi mwaka 2015, ila hata mama hakumwambia kwamba hakumaliza chuo, kwa kuwa kanisani walishazoea kumwita msomi wetu, naye kila akiitwa hivyo aliinamia kikombe chake cha kahawa.

Nilipohitimu Nordgaard tarehe 26 Mei 2002, mkuu wa chuo aliwaomba wazazi waliosoma pale wasimame, mama akamgusa baba kwa kiwiko, "Simama basi, Verlyn, si wewe huyo?" naye akajibu, "Niache, mgongo unauma," akabaki anatazama viatu, nami kutoka mstari wa wahitimu niliona haya, nikidhani ananionea haya mimi.

Kila Juni, wahitimu wa zamani wanaporudi na kuandamana na bendera za madarasa yao, baba alisema anakwenda kununua chakula cha ng'ombe, kumbe aliegesha gari nje ya uzio na kusikiliza nyimbo. Juni 2013 yalisomwa majina ya marehemu wa darasa la 1973, lile alilopaswa kuhitimu nalo, kila jina na mlio mmoja wa kengele, akasikia lake, kwa kuwa walimchanganya na binamu yake wa jina hilohilo aliyefariki Iowa, akawasha gari akarudi nyumbani.

Kesho yake Curtis alibisha hodi kwetu na bakuli la viazi na nyama ya kusaga, hakumtambua mzee aliyefungua mlango, akasema, "Pole, bwana, nimekuja kumwona mjane wa Verlyn."

"Mjane yuko jikoni, Curtis. Ingia, chakula kitapoa."

Bakuli lilinusurika, siri haikunusurika, yote yalimwagika mezani mbele ya mama, na baba akaomba, "Niache niwe maiti hukohuko kwenye orodha yenu, maiti haulizwi alimaliza lini," Curtis akamfokea, "Mjinga wewe! Aliyeingia Nordgaard ni wetu, kumaliza nani anauliza? Miaka yote hii tunakungoja uje ushike bendera!" Mama alicheka hadi machozi, kisha akamnunia wiki nzima. Hata hivyo baba aliona haya kuvuka lile lango la chuo.

Oktoba 2022 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, na katika ugonjwa huo hatimaye akakubali kuhudhuria miaka hamsini ya darasa lake, akanunua shati jipya, lakini tarehe 19 Mei 2023 alituacha, zikiwa zimebaki wiki mbili. Shati hilo ndilo alilovaa leo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuondolea theluji mlangoni majira yote ya baridi, akina mama wa kanisa, na chuo, kilichokubali kupiga kengele mara ya pili baada ya Curtis kuwaambia ile ya kwanza ilikuwa ya mazoezi.

Sasa nawaomba wanadarasa wa 1973 wasimame, na safari hii baba hatabaki ameketi, kwa sababu ninyi sita ndio mtakaombeba, na njia yetu inapita katika lango la Nordgaard. Lala salama, baba, uliingia, na inatosha.