Uso Wako, Picha Yangu

Kila alipobonyeza, kidole gumba cha Mama Picha kilitafuta mahali pa kuvuta filamu, kikaambulia hewa. Kazeeka na filamu, na leo kamera mpya ya dijitali imemrudisha uanagenzini! Fundi cherehani aliyeketi mbele yake kwenye treni ya jioni, futi bado shingoni, akamwomba ampige moja ya kujaribu. Akampiga. Fundi akachungulia kioo cha nyuma ya kamera, akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Nimefumba macho! Futa, dada."

"Sifuti."

"Si kuna kitufe?"

"Kipo, na kila mteja anakijua kuliko mimi. Juzi shangazi wa bibi harusi kanifutisha nusu ya ukoo! Zamani mtu alingoja picha isafishwe, na sura ikija ilivyo, anaipokea ilivyo."

"Lakini uso ni wangu!"

Hapo fundi alikuwa na hoja, na behewa zima likamuunga mkono kwa vichwa. Mama Picha hakutetereka.

"Uso wako, kaka, picha yangu. Baba yangu alipigwa picha moja tu maishani mwake, na humo kafumba macho. Kingekuwapo kitufe hiki, leo ukutani kwetu pangebaki msumari."

Treni iliposimama fundi akashuka, kisha akarudi dirishani, macho kayatumbua yote mawili.

"Haya, piga nyingine! Ile ya kwanza ufute!"

Akapiga. Treni ikaondoka na zote mbili.