Historia ya Mama, Aliyetaka Kujua Miiba Inatoka Wapi

Ndugu, majirani, na nyote mliokataa tuwe peke yetu wiki hii, mimi ni binti mkubwa wa marehemu, kazi yangu ni ufundi umeme wala si kusoma mbele za watu, na wadogo zangu wamenionya nisome kwa ufupi na nisiwachekeshe waombolezaji, la kwanza nitajaribu, la pili lilimshinda hata Mama mwenyewe.

Mama alizaliwa tarehe 14 Machi 1944, mtoto wa nne wa baba seremala na mama mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana, na dada yake, ambaye yuko hapa mbele, anasema alichelewa kuongea lakini hakuchelewa kuuliza, kwani alikuwa akinyoosha kidole na kukutolea macho mpaka umweleze. Alianza shule ya msingi mwaka 1951, akaadhibiwa kwa kupasua maua ya mwalimu mkuu ili aone ndani kuna nini, akamaliza sekondari mwaka 1964, na mwaka uliofuata akaingia chuo kikuu kusomea mimea, msichana pekee darasani, babu akabaki kuuliza kila mgeni kama ni kweli siku hizi kuna watu wanasomeshwa majani. Alihitimu mwaka 1968.

Tarehe 6 Januari 1969 aliajiriwa katika chumba cha kuhifadhia mimea iliyokaushwa, chumba kirefu cha chini chenye makabati ya chuma na harufu ya dawa ya wadudu, ambamo kila mmea umebanwa ukakauka, ukashonwa kwa uzi juu ya karatasi ngumu na kuwekewa kibandiko chenye jina lake. Humo kuna sheria aliyotulea nayo hata sisi, kwamba jina likionekana limekosewa, kibandiko cha zamani hakichanwi wala hakifutwi, unabandika kipya pembeni, unatia jina lako na tarehe, ili atakayekuja aone nani alisema nini. Nyumbani kwetu, jamani, ilikuwa hivyo hivyo, ukishasema umesema.

Alifunga ndoa na Baba, dereva wa gari la utafiti, tarehe 21 Agosti 1971, wakajaliwa watoto watatu, mimi mwaka 1972, mdogo wangu wa kiume mwaka 1975, na kitinda mimba wetu mwaka 1979. Bibi yetu mzaa baba hakumpokea kwa mikono miwili, alitaka mkwe wa kutulia nyumbani, si wa kurudi na matope mpaka magotini, basi akawa anakula chakula cha Mama huku anakisifia cha jirani.

Mwaka 1974 gari lao lilipata pancha chini ya kilima cha mawe, na Baba akiwa anahangaika na tairi, Mama akaona kichaka chenye maua kama ya gugu tunalolijua sote kandoni mwa barabara, ila shina lake limejaa miiba, na gugu lile halina mwiba hata mmoja. Profesa wake alisema ni gugu lile lile, asiwapotezee watu muda, Mama akashikia bango kwa miaka minne, na mwaka 1978 wataalamu wakakubali kwamba ni aina mpya, naye akapewa haki ya kuipa jina, akaipa jina la mama mkwe. Watu walimuuliza kama ile ni heshima au ni kisasi, maana ile miiba! Bibi alinuna siku mbili aliposikia ni gugu, siku ya tatu akaanza kuwatangazia watu kwenye foleni ya maji kwamba yeye yumo vitabuni, na tangu hapo chakula cha Mama hakikukosa chumvi tena. Bibi alifariki mwaka 1991 akiwa anampenda mkwe wake waziwazi.

Mambo yakabadilika, ikaja mitambo ya kupima vinasaba, kitu ambacho Mama hakufundishwa na ambacho wenzake wa rika lake walikikunjia uso, yeye akaenda kukaa dawati la nyuma na wanafunzi wake kujifunza. Mwaka 2003 mmoja wao, ambaye leo ni mkuu wa maabara, alitaka kuupima mmea wa bibi, lakini ilibidi likatwe jani kutoka kwenye karatasi ya kwanza kabisa, ile inayobeba jina, na ruhusa hiyo ilikuwa mkononi mwa Mama. Baba alimsihi aache, akamwambia hilo ndilo jina la mama yake lililobaki duniani. Mama alichukua mkasi akalikata mwenyewe. Tarehe 11 Novemba majibu yakatoka, ni gugu lile lile, profesa alikuwa sahihi, na siku hiyo hiyo Mama akabandika kibandiko kipya pembeni ya cha kwanza, akatia sahihi. Baba alisema amemzika mama yake mara ya pili, akahamishia sahani yake barazani. Nilimkuta Mama jikoni analia, sitaficha, lakini hata katika kulia kwake alikuwa anauliza, sasa kama ni gugu lile lile, hiyo miiba imetoka wapi?

Swali hilo alistaafu nalo mwaka 2004. Ama ni mawe na ukame wa kile kilima vinavyotoa miiba, ama miiba imo ndani ya mbegu na mtambo haukuiona, na njia ya kujua ilikuwa kupanda mbegu za kilimani kwenye udongo mzuri wenye maji. Kumbe kilima kilishavunjwa chote kuwa kokoto, zikabaki mbegu chache alizokuwa amezihifadhi, na kila msimu alizipanda zikagoma.

Mwaka 2021 aligundulika kuwa na saratani ya tumbo, akamwomba daktari amwonyeshe uvimbe wake kwenye hadubini, akautazama kwa muda mrefu, akasema hauna adabu lakini una bidii. Januari mwaka huu alichukua tupa kwenye mkoba wangu wa kazi, akazikwaruza ganda mbegu za mwisho ili maji yapenye, zikaota! Miiba ya mmea ule hutokea ua la kwanza linapochanua, kabla ya hapo huwezi kujua lolote. Alipoishiwa nguvu, Baba ndiye aliyemwagilia, huku akisisitiza kwamba yeye hataki kujua, anamwagilia tu. Mama alifariki Ijumaa tarehe 2 Juni 2023, saa nne asubuhi, maua yakiwa bado yamefumba, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliojibu maswali yake bila kuchoka, majirani waliotupikia, na wenzake wa kazini waliokuja na viatu vyenye udongo kama alivyopenda.

Mama, jana asubuhi ua la kwanza limechanua. Baba alitoka peke yake, akapitisha vidole kwenye kila shina toka chini mpaka juu, akarudi ndani, kicheko kikamtoka huku analia, akasema nikuambie mimi kwa sababu yeye sauti haitamfikisha mwisho. Haina miiba, Mama. Yalikuwa ni mawe tu. Sasa umeshajua, pumzika.