Pilau ya Pentekoste Bandani Mwangu

Mwaka 2022, majira ya kuchipua, nilikuwa na umri wa miaka hamsini na tisa, mjane wa miezi mitano. Mume wangu alifariki tarehe 3 Novemba 2021. Aliniachia binti mmoja, aliyezaliwa hapa hapa Edmonton, London, na shamba la robo eka lililoko mwisho wa njia ya basi, katika vile vipande ambavyo kamati ya bustani huwakodisha watu wa mjini. Upande wa juu tulilima viazi, kabichi, maharage na majani ya maboga. Upande wa chini, ambako kanuni za kamati zinaruhusu mifugo, palikuwa na banda lenye nguruwe jike wawili.

Ndugu zangu, nimesimama hapa kushukuru. Lakini nawaambia mapema kwamba nina hasira pia, na sehemu ya hasira hiyo inawahusu baadhi yenu mlioketi humu. Mchungaji ameniruhusu kuisema. Mtanivumilia.

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana lilikuwepo. Kwetu Rungwe, nguruwe hula kinachotoka jikoni. Marehemu ndiye aliyekuwa akiwalisha, nami sikuwahi kumwuliza anawapa nini. Basi alipoondoka, nikawa napanda basi na ndoo ya maganda ya viazi na ndizi, abiria wakinipisha kuliko wanavyowapisha wagonjwa. Jumanne tarehe 12 Aprili, mkaguzi wa mifugo akanikuta nayo bandani.

"Bibi, haya maganda yametoka wapi?"

"Jikoni kwangu. Ni safi, nimeyaosha mwenyewe."

"Basi hayaruhusiwi."

"Na ile kabichi pale bustanini?"

"Ile ruksa. Ichume hapa, uwape hapa hapa."

"Nikiipeleka nyumbani kwanza, kisha nikairudisha?"

"Ikishaingia jikoni, kuwapa ni kuvunja sheria."

Nilidhani ananidhihaki. Kabichi ile ile! Akaniketisha juu ya gunia la pumba akanieleza kwamba jikoni hupita nyama, na kwamba nchi hii iliwahi kuchoma mifugo isiyo na idadi kwa sababu ya ugonjwa ulioaminiwa kuingia kupitia mabaki ya chakula. Nilikumbuka homa ya nguruwe ilivyoyaacha matupu mabanda ya kijijini kwetu, na mama yangu akifagia banda lisilo na mnyama ndani. Mkaguzi akaniandikia onyo, nikalitia saini. Tangu siku ile halikuingia bandani hata ganda moja.

Jumapili tarehe 5 Juni ilikuwa Pentekoste. Mnaikumbuka, kwa maana mlikula mkasaza. Mimi niliondoka mapema, goti likiniuma. Kesho yake saa mbili asubuhi, mwenyekiti wa kamati ya bustani alipita karibu na banda langu akawakuta nguruwe wamezamisha pua katika pilau, mifupa ya kuku imetapakaa, vipande vya chapati vimening'inia kwenye uzio. Akapiga picha. Binti yangu aliponionyesha picha ile kwenye simu, niliitambua pilau hiyo papo hapo. Karafuu zilikuwa zetu.

Ijumaa tarehe 10 Juni nikapokea barua. Niwahamishe nguruwe ndani ya siku ishirini na nane na kurudisha shamba, kwa kosa la pili la kulisha mabaki, na kwa kuwa mkataba ulikuwa kwa jina la marehemu, si langu. Mkaguzi naye alikwisha kuagiza kwa maandishi kwamba asitoke bandani hata nguruwe mmoja mpaka ajiridhishe kuwa hawajaugua. Kwa hiyo nilikuwa na karatasi mbili mkononi: moja ikiniamuru niwatoe, nyingine ikinikataza kuwatoa. Nilimpigia mwenyekiti nikamwuliza nitii ipi. Akanijibu, "Labda hukuielewa barua."

Hukuielewa! Ndugu zangu, mimi nilianza kusoma shule ya jioni nikiwa na miaka arobaini na tano, baada ya zamu za kuhudumia wazee, nikilala juu ya daftari. Cheti changu cha Kiingereza nilikipata tarehe 9 Julai 2015. Barua ile niliielewa mpaka vituo vyake.

Lakini kilichoniumiza zaidi kilitokea humu. Jumapili tarehe 12 Juni nilisimama wakati wa matangazo, pale mlangoni, nikauliza ni nani aliyepeleka chakula bandani kwangu. Nilisema wazi kwamba sitafuti kugombana; nataka mtu mmoja tu aandike kwamba si mimi. Mlikaa kimya. Nikasikia sauti kutoka upande wa kwaya: "Nguruwe London! Si angewauza tu apumzike." Na mtu akacheka. Wengine kati yenu mlikuwa mmekula nyama ya nguruwe wa banda hilo hilo Krismasi iliyotangulia, tena mkaongezwa.

Hata binti yangu, kwa Kiingereza chake cha haraka, aliniambia niachane nayo, kwamba nimezeeka, kwamba baba angeelewa. Nikamjibu, "Baba yako angeelewa. Mimi ndiye nisiyeelewa." Nikaketi nikaandika rufaa kwa mkono wangu. Kikao kikapangwa Alhamisi tarehe 21 Julai.

Siku mbili kabla ya kikao ilikuwa ile Jumanne ya joto ambalo London haikulizoea. Ngozi ya nguruwe huungua kama ya mtoto mchanga, hivyo alfajiri nilikuwa bandani nikimwaga maji nitengeneze tope la kujigaragaza. Nikasikia lango. Akaingia mama mmoja wa kanisa hili, amevaa sare ya kazini. Akachukua ndoo ya pili bila kusema, akachota maji, akamwaga. Mara tatu. Kisha akasema:

"Mama, ni mimi."

"Wewe nini?"

"Pilau. Mimi na wenzangu watatu. Kwetu mtu akifiwa, majirani humlishia mifugo bila kumwuliza. Tulisema tukufanyie jambo la kukushangaza. Nguruwe walifurahi sana."

"Nguruwe walifurahi. Na kushangaa nimeshangaa."

Akaanza kulia. Nami, nakiri, sikumbembeleza. Nilimwuliza kwa nini amenyamaza wiki sita. Akasema, na ninalisema hapa kwa ruhusa yake, kwamba maombi yake ya ukaazi yalikuwa bado hayajajibiwa, na aliogopa jina lake kuonekana kwenye karatasi yoyote yenye neno "sheria".

"Na wenzako? Wale wana pasipoti za hapa."

"Wao walisema ukitaja utawaaibisha kanisani."

Hapo ndoo ilinitoka mkononi. Mwenye kila sababu ya kuogopa ndiye aliyekuja. Wasio na sababu hata moja walikuwa wanalinda viti vyao humu ndani. Nilimwambia aende kazini, asijitaje popote, nisije nikamponza. Akakataa.

Alhamisi alikuja kikaoni. Alisimama, akataja jina lake lote, akaeleza kuhusu pilau, ndoo mbili, na saa waliyopita kwenye uzio. Mkaguzi naye aliandika kwamba tangu onyo la Aprili hakuwahi kukuta ganda bandani, na kwamba nguruwe ni wazima. Mwenyekiti akakimbilia mkataba. Nikasimama nikausoma kwa sauti, kifungu cha tisa: mwenzi aliyekuwa akiishi na mpangaji aweza kurithi shamba akiomba ndani ya miezi sita. Nikaweka mezani nakala ya ombi langu la tarehe 17 Januari, lenye mhuri wa kamati yao wenyewe. Lilikuwa limelala kwenye jalada lao miezi sita, hakuna aliyelijibu.

Namshukuru mkaguzi yule, aliyenifundisha badala ya kunidharau. Namshukuru mwalimu wangu wa jioni. Namshukuru mama yule. Leo karatasi zake zimetoka, mpigieni makofi bila kumtafuta kwa macho. Wale watatu sitawataja, ila wanajijua, nami nimewasamehe, ingawa kusamehe huko kulinigharimu zaidi ya kulima. Fundisho langu ni hili: ukitaka kumsaidia aliyefiwa, mwulize kwanza anachohitaji. Na msaada wako ukimletea mashaka, simama useme ni wako, siku ile ile, kabla hajauliza mara ya pili.

Uamuzi ulitolewa Ijumaa tarehe 29 Julai 2022. Mwenyekiti alinisogezea mkataba mpya wenye jina langu, kurasa sita, akaniuliza kama ningependa mtu wa kunisomea. Nikavaa miwani, nikamwomba aketi. Nilisoma kurasa zote sita, kifungu kwa kifungu, yeye akitazama saa ya ukutani. Kisha nikatia saini.