Dakika Tisa za Mzee Nestor Mhina

Marehemu Nestor Mhina alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, Muheza, Tanga, mtoto wa tatu wa Mzee Eliezer na Bi. Bernardine. Babu yake mzaa baba alimpa jina la Kilua, likatumika nyumbani tu.

Alisoma Muheza, kisha akajifunza ufundi mitambo Tanga. Tarehe 6 Juni 1981 alifunga ndoa na Haika. Mwaka 1986 walihamia Minnesota, na kwa miaka ishirini na tisa aliendesha boila za shule moja ya Saint Paul. Watoto wengi walisoma penye joto bila kumjua.

Baba wa babu yake huyo alikuwa mpiga makaa, yaani mtia makaa tanuruni, wa Lady Maristow, meli ya mvuke ya abiria iliyozama karibu na Aden tarehe 9 Novemba 1884. Gazeti lilitaja abiria wote sitini na wawili kwa majina. Wapiga makaa liliwaandika "Waafrika tisa". Kwao Muheza naye aliitwa "yule wa meli" tu. Marehemu aliandika barua Uingereza kwa miaka thelathini akitafuta jina lake.

Kila tarehe 9 Novemba, nyumbani Apple Valley, alizima joto la nyumba kwa dakika tisa, moja kwa kila mpiga makaa asiyejulikana jina. Mama yetu, Haika, alikuwa ameshagawa mablanketi.

"Dad, please! Hao walikuwa kwenye moto!" Lucky, mtoto wake, alilalamika.

"Kaa kimya. Bado sita."

Februari mwaka huu aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Mwezi Julai shangazi yake Ephrasia, mwenye miaka tisini na tano, alipiga simu kumjulia hali. Marehemu akamwambia kinachomsumbua ni lile jina la mpiga makaa.

"Barua zote hizo Ulaya, mimi hukuniuliza? Wewe Kilua, babu yako alilitoa wapi jina hilo? Ni la baba yake!"

Marehemu alicheka mpaka muuguzi akaja kuchungulia.

"Kwa hiyo, Dad, ulikuwa unajitafuta mwenyewe?" Lucky aliuliza.

"Zimebaki dakika nane," alijibu, akafumba macho, ameridhika.

Alifariki nyumbani tarehe 30 Agosti 2025. Ameacha mjane, Haika, watoto wawili, Lucky na Valentina anayesoma wasifu huu, wajukuu wanne, na shangazi Ephrasia. Ametanguliwa na wazazi wake, na Kilua, mpiga makaa, ambaye jina lake limechapishwa leo kwa mara ya kwanza.

Novemba hii joto litazimwa kwa dakika nane. Apumzike kwa amani, yeye na somo wake.