Nguo ya Mutoto Mwenye Kibiongo

Wababa na wamama, muniachie nafasi kidogo niseme. Wengi mu hii likelemba yetu ya kuchangiana pesa munanijua kama mushonaji wa Nyakasanza. Hamujui namna nilikaribia kuacha kushona.

Miaka ya sabini ilikuwa inaishia wakati muzee wangu, bwana yangu, alikufa. Aliniachia watoto wane na mashini ya kushona. Nikaipeleka soko, kwenye mustari wa washonaji. Siye wote tulishona kitu kimoja: mukono uleule, kola ileile. Mama akipita na kitenge chake, hakukuwa na sababu ya kunichagua mimi. Aliangalia bei tu. Mwenzangu anashusha, nami ninashusha. Ndugu zangu, nawaambia, tulimalizana wenyewe kwa wenyewe. Nyumbani tukakula sombe, majani ya muhogo, bila mafuta, mutoto wangu wa kwanza akaacha masomo.

Nikamwambia dada yangu, "Nitafutie mutu wa kununua mashini."

"Kisha utaishi na nini?"

Nikamwambia atafute tu.

Akiwa angali anatafuta, mama mumoja wa upande wa Shari akafika na binti yake. Mutoto alikuwa na kibiongo, na ubatizo wake ulikuwa karibu. Washonaji wengine walikuwa wamewarudisha: "Mwili kama huu tutaupima namna gani?" Wakasema vile mutoto akisikia.

Nikamuuliza yeye mwenyewe, "Weye, unapenda nguo ya namna gani?"

Akasema polepole, "Ile haipande juu kwa nyuma. Wenzangu wananicheka."

Nilikata, nikafumua, nikakata tena. Mugongoni niliongeza kitambaa, nyuma nikaacha urefu kupita mbele. Alipoivaa, upindo ukalingana pande zote. Aligeuka, akageuka tena. Mama yake akakaa chini, akalia. Nami nikalia.

Siku ya ubatizo watu waliona. Wakaanza kuja: mama mwenye mimba, mama wa kunyonyesha, muzee wa mukono uliovimba. Hawakuanza na bei. Waliuliza, "Mimi pia utaniweza?" Nikamwambia dada yangu aache kutafuta munuzi.

Washonaji wenzangu waliiga. Nilikasirika, nikataka kushusha bei tena. Dada akanizuia: "Waache waige mukato. Weye endelea kuuliza watu." Nikaendelea, na kila mutu alinifundisha kitu kipya. Kisha mwenzangu mumoja akashika kazi ya kudarizi, mwingine suti za wababa. Tukaanza kusalimiana tena.

Namushukuru Mungu, na dada yangu, na ile mama wa Shari ambaye hakuchoka kuzunguka. Nanyi pia, mulionitembelea wakati hata chai sikuwa nayo.

Weye unayeuza, mbele ya kushusha bei, muulize mutu anakosa nini. Mu hii muji yetu iko watu wanaozunguka soko nzima na kurudi nyumbani mikono mitupu, na hakuna aliyewauliza.