Mkono Ndani ya Ndoo ya Kanji

DOBI: Haloo? Nani mwenzangu? Sema kwa sauti, mashine za kufulia zinanguruma huku!

MAMA: Mama yako! Nani mwingine atakupigia saa za kazi?

DOBI: Shikamoo, mama. Kuna—

MAMA: Marahaba. Mkono umenasa.

DOBI: Mkono wa nani?

MAMA: Wangu! Kwenye ndoo yako ya kanji. Nikivuta inakaza kama saruji. Nimeibana kwa magoti, nikavuta kwa nguvu zote, ndoo nzima ikainuka nami!

DOBI: Usivute! Hiyo kanji ya kukazia nguo haijapikwa. Ukiigombeza inakuwa jiwe, ukiibembeleza inakuwa uji. Tuliza mkono.

MAMA: Nitulie vipi wakati—

DOBI: Mama. Ndoo hiyo ilikuwa uvunguni, nyuma ya sanduku. Tena na mfuniko.

MAMA: Nilikuwa nafagia.

DOBI: Unafagia ndani ya ndoo?

MAMA: Haloo? Mtandao unakatakata...

DOBI: Wala. Godoro umepekua, viatu umepekua, mto wangu ukaufumua. Nikasema kwenye kanji hutafika.

MAMA: Mchelea mwana kulia hulia yeye! Humu kuna mfuko wa nailoni, una karatasi. Karatasi za nini?

DOBI: Si kitu.

MAMA: Ni yule dereva anayekurudisha jioni? Una mimba?

DOBI: Niko kazini, mama.

MAMA: Nasema sema! Tumbo hili ndilo lililo— aa! Imekaza tena!

DOBI: Si nimekwambia? Ukifoka unavuta bila kujua.

MAMA: (anahema) Haya. Nimenyamaza.

(Mashine zinanguruma.)

MAMA: Sikuulizi kitu.



DOBI: Ni mkataba, mama. Hoteli kubwa, ng'ambo ya mpaka. Wanataka dobi anayejua kanji. Naondoka Jumatatu.

MAMA: Ng'ambo!

DOBI: Nilitaka kukuaga Jumapili. Ningekwambia mapema ungelia wiki nzima, nami nisingeondoka.

MAMA: Jumatatu hii?

DOBI: Hii. ...Mkono je?

MAMA: Unaanza kulegea.

DOBI: Achia mfuko. Nyoosha vidole, toa taratibu, kama unamtoa mtoto mgongoni amelala.

MAMA: (maji yanachuruzika)

DOBI: Umetoka?

MAMA: Bado.

DOBI: Mbona nasikia bomba? Unanawa?

MAMA: Mvua hiyo.

DOBI: Mvua gani na jua hili?

MAMA: Huku inanyesha! Mwanangu, nimenasa vibaya. Omba ruhusa uje. Waambie mama yako hajiwezi, hata kula atalishwa. Waambie labda wiki mbili, tatu—

DOBI: Mama...

MAMA: Na huu wa pili umezama sasa hivi, nikijaribu kuutoa mwenzake!

DOBI: Yote miwili? Na hiyo simu umeishika na nini?

MAMA: Haloo? Haloo? Salio linaisha, mwa—

(Simu inakatika.)